Nguva Asiye na Masharti

Kivuko kimechelewa, foleni ya Magogoni, Dar es Salaam, imejaa, na simu moja inapita mkono kwa mkono. Kwenye kioo chake kuna kiumbe kimelala mchangani: kiwiliwili cha mwanamke, ngozi ya kijivu, nywele zimemgandia usoni, na kuanzia kiunoni ni mkia wa samaki. Sauti inayosikika kwenye video inasema kaokotwa Mafia. Video hiyohiyo imekwisha kuzunguka ikiwa na sauti nyingine, ikisema kaokotwa Pemba.

Kijana mwenye simu anaapa ni kweli. Dada aliyebeba ndoo ya samaki anasema hayo ni mambo ya kompyuta. Mzee mmoja mwenye kofia ya kiua anaipokea simu, anatazama video mpaka mwisho, anairudisha.

"Sasa mwanangu, masharti ya huyu ni yapi?"

Hakuna aliyemjibu. Geti likafunguliwa, watu wakaingia.

Swali hilo ni zito kuliko ubishi wa kweli au uongo, na kwa wiki kadhaa limekataa kutoka kichwani. Katika hadithi za kale za samaki mtu, kuanzia Syria mpaka Japani, kuanzia Ufaransa mpaka Lubumbashi nchini Kongo, mara nyingi sana yule kiumbe haji bure. Ana sharti. Usile hiki, usitazame siku ile, usiseme kwa mtu, rudisha kilicho changu. Ukilivunja, unakiona cha moto.

Huyu wa kwenye simu hadai chochote. Unamtazama, unamtuma kwa wenzako, basi.

## Namna maiti ya samaki mtu inavyotengenezwa

Ubishi wa kweli au uongo tuumalize kwanza, kwa sababu kutengeneza samaki mtu ni ufundi wa miaka mingi na njia zake zinajulikana.

Njia ya kwanza inatumia samaki bapa aitwaye taa. Anachukuliwa taa mdogo, analazwa chali. Upande wa tumbo la taa una matundu mawili ya pua na chini yake mdomo, na jicho la binadamu likiviona pamoja linasoma uso: macho mawili na kinywa kilichonuna. Macho yake halisi yako upande wa pili, hayaonekani. Fundi hufunga kamba nyuma ya kichwa ili shingo ijitokeze, hupasua mapezi mapana kwa kisu ili yawe mikono au mabawa, hukunja vipande vya chini viwe miguu, kisha huanika juani na kupaka vanishi. Ngozi inapokauka husinyaa na kuvuta uso, na sura inazidi kutisha. Kinachomuumbua fundi ni uharaka: akianika kabla hajatoa matumbo, kitu kinaoza kutoka ndani na kupasuka. Conrad Gessner, mtaalamu wa viumbe wa Uswisi, alichapisha picha ya kitu cha namna hii mwaka 1558 akiwaonya wasomaji kwamba ni taa aliyekatwakatwa.

Njia ya pili ni ya Japani, na hii ndiyo iliyoushangaza ulimwengu. Mwaka 1822 nahodha mmoja Mmarekani, Samuel Barrett Eades, alinunua samaki mtu wa namna hiyo, aliyekauka, huko Batavia, mji ambao leo ni Jakarta, kwa dola 5,000 za Kihispania. Ili apate fedha hizo aliuza meli aliyokuwa akiiendesha pamoja na shehena yake. Meli hiyo haikuwa yake: alimiliki sehemu moja kati ya nane tu. Alimwonyesha kiumbe wake London kwa kiingilio, mmiliki mkubwa wa meli akampeleka mahakamani, na deni likamwandama. Inaaminika ni kiumbe huyohuyo ambaye P. T. Barnum, mfanyabiashara wa maonyesho, alimwonyesha New York mwaka 1842 na kuvuta umati.

Kwa miaka mingi maelezo yalikuwa mepesi: juu tumbili, chini samaki, katikati uzi. Lakini mashine zilipokuja kuchungulia ndani, mambo yakawa tofauti. Samaki mtu wa jumba la makumbusho la Horniman, London, alipopigwa eksirei na kupitishwa kwenye kipimo cha CT, hakukutwa na kiungo hata kimoja cha tumbili. Kiwiliwili ni mbao, waya na udongo. Taya na meno ni vya samaki.

Yule wa hekalu la Enjuin, mkoa wa Okayama, ana urefu wa sentimita 30 hivi, na watu walikuwa wakimwomba awape afya kwa miaka mingi. Watafiti wa chuo kikuu cha Kurashiki walitoa majibu yake mwaka 2023. Hana fuvu wala uti wa mgongo upande wa juu. Ndani ni nguo, karatasi na pamba, juu yake imevikwa ngozi ya samaki aitwaye bunju, na nywele ni za mnyama. Mifupa halisi iliyomo ni ya samaki, hasa mkiani. Kipimo cha umri kilionyesha alitengenezwa mwishoni mwa miaka ya 1800.

Bunju hakuchaguliwa ovyo. Ngozi yake ina vijiba vidogo na ikikauka inakaza kama ngozi ya mtu mzee, na haina magamba ya kumsaliti fundi pale inapokutana na kitambaa.

Wa siku hizi ni wa silikoni au wa programu ya kompyuta. Ukitaka kumkagua, anza na mkia. Mkia wa samaki umesimama wima na samaki huogelea kwa kupinda ubavu kwa ubavu. Uti wa mgongo wa mnyama anayenyonyesha hupinda mbele na nyuma, ndiyo maana mkia wa pomboo na wa nguva, yule mnyama halisi wa baharini, umelala bapa. Kiwiliwili cha mtu kilichounganishwa na mkia uliosimama wima kinahitaji uti wa mgongo unaotii amri mbili zinazopingana. Halafu tazama kiunoni, pale ngozi inapogeuka magamba: mara nyingi pamefichwa kwa nywele, mchanga au mwani. Tazama kama kamera inapita kutoka kichwani hadi mkiani bila kukatika. Na jiulize nzi wako wapi. Maiti iliyolala kwenye jua la mwambao huu inafura na kuvuta nzi kabla ya adhuhuri.

Kuna anayesema: mbona silikanti, yule samaki wa kale, alipatikana? Hoja hiyo ina heshima yake. Silikanti alidhaniwa kutoweka tangu enzi za kale sana mpaka mmoja alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938, na tangu 2003 wavuvi wetu nao wamewatoa kwenye majarife ya maji marefu, Kilwa na Tanga. Lakini silikanti alikuwa ameacha mifupa yake kwenye mawe kabla hajaonekana hai, na wavuvi wa Komoro walikuwa wakimvua na kumpa jina. Samaki mtu hajaacha hata jino.

## "Walimwona nguva wakadhani mwanamke"

Haya ndiyo maelezo ya kisomi yanayopendwa. Mabaharia walikaa miezi bila kuona wanawake, wakamwona nguva akinyonyesha, akili ikawachezea. Yanaonekana yamemaliza kila kitu.

Hayajamaliza.

Christopher Columbus aliandika kwenye kumbukumbu zake za tarehe 9 Januari 1493, karibu na kisiwa cha Hispaniola, kwamba waliwaona samaki watu watatu wakijitokeza juu ya maji, na kwamba hawakuwa wazuri kama wanavyochorwa. Wanasayansi wanakubaliana kwamba aliona manati, ndugu wa nguva wa upande ule wa dunia. Watu wanainukuu habari hii kama ushahidi kwamba mnyama ndiye aliyezaa hadithi. Isome tena. Columbus alikwenda na picha kichwani. Michoro aliifahamu kabla ya kumwona mnyama, na mnyama alipotokea, alimpima kwa mchoro akamwona kapungua.

Picha ilitangulia.

Na ilitangulia mahali pengi ambako nguva na manati hawafiki. Bahari ya Mediterania haina hata mmoja wao, ilhali huko Syria Atargatis alikuwa akiabudiwa, mungu wa kike ambaye katika baadhi ya sanamu zake alikuwa mtu kwa juu na samaki kwa chini. Ghuba ya Wakasa nchini Japani, yenye hadithi mashuhuri ya samaki mtu, iko mbali kaskazini ya maji ya Okinawa ambako nguva walikuwepo. Warszawa iko kwenye mto katikati ya Poland na nembo ya jiji ni samaki mtu mwenye upanga na ngao. Lubumbashi iko zaidi ya kilomita 1,000 kutoka bahari yoyote.

Watu waliokuwa jirani na nguva kwa karne nyingi ndio sisi wa mwambao, na hatukukosea. Mvuvi wa Rufiji alimjua nguva kwa nyama yake, mafuta yake na malisho yake. Mgeni ndiye aliyemdhania mwanamke.

## Mnyama mwenyewe

Nguva mkubwa hufikia urefu wa mita 3 na uzito wa kilo 400 au zaidi. Chakula chake ni nyasi bahari, kilo 30 hadi 40 kwa siku, na huzing'oa pamoja na mizizi yake kwa pua pana iliyoelekea chini. Akipita kwenye malisho anaacha njia nyeupe ya mchanga yenye upana wa pua yake, ikipindapinda kati ya majani. Mpiga mbizi anayejua kazi yake anamtambua nguva kwa njia hizo hata kama mnyama mwenyewe haonekani siku nzima.

Jike ana matiti mawili, moja chini ya kila pezi la mbele, usawa wa kwapa. Hiki ndicho kiungo kilichozaa maneno mengi. Michoro ya zamani inamwonyesha amesimama wima majini akimpakata mtoto kifuani. Hafanyi hivyo. Mtoto hunyonya akiwa amejilaza ubavuni mwa mama, pua imeingia nyuma ya pezi.

Mimba yake ni miezi 13 hadi 14. Huzaa mtoto mmoja, kisha hukaa miaka 3 hadi 7 kabla ya mwingine. Anaweza kuishi miaka 70. Weka tarakimu hizo pamoja na utaona tatizo: hata mahali pasipo na nyavu, penye malisho tele, kundi la nguva haliwezi kuongezeka kwa zaidi ya asilimia 5 hivi kwa mwaka. Majike wachache wakifa kwenye jarife, kundi dogo linaanza kurudi nyuma, na hakuna kuzaana kwa kasi kutakakolipia pengo.

Mwaka 2022 nguva wa Afrika Mashariki waliwekwa na IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Nguva wakubwa, wenye umri wa kuzaa, walikadiriwa kuwa chini ya 250 kwa pwani yote, na wengi wao wako Bazaruto nchini Msumbiji. Kwetu waliobaki ni wa maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa, na ni wachache kiasi kwamba kuna wavuvi wa makamo ambao hawajawahi kumwona hai.

Jarife ndilo linalowamaliza. Ni wavu wa matundu makubwa, unategwa jioni kwa ajili ya papa na taa na kuachwa usiku kucha. Nguva anavuta pumzi juu ya maji kila baada ya dakika chache. Akinasa pezi au mkia asiweze kupanda, anakufa maji kama binadamu, na mvuvi anamkuta asubuhi. Makokoro yanayoburuta chini, na baruti za miaka iliyopita, vilimaliza upande wa pili wa habari: malisho.

Jamaa yake mkubwa alishatoweka. Mwaka 1741 msafara wa Vitus Bering ulikwama kwenye kisiwa katika bahari ya baridi kati ya Urusi na Alaska, na Georg Wilhelm Steller, mtaalamu wa viumbe wa msafara huo, akaeleza kwa maandishi nguva mkubwa ajabu, mwenye urefu wa mita 8 hivi, mpole, asiyejua kukimbia. Wawindaji wa manyoya waliofuata walimfanya kitoweo. Kufikia 1768 alikuwa amekwisha. Miaka 27.

## Kiapo

Iko simulizi ya mwambao ambayo wengi wanaijua lakini huisema kwa sauti ndogo: kwamba mvuvi aliyempata nguva jike aliapishwa, kabla nyama haijauzwa, kwamba hakumwingilia. Wasiopenda kuisikia huiona aibu. Mimi naiona ni habari nzito kuliko sanamu za London.

Waliodai kiapo hawakumdhania nguva kuwa mwanamke. Walijua ni mnyama, na nyama yake waliila. Lakini waliona mwili wake umekaribia mno wa mtu, kwa matiti na kwa kunyonyesha, hata ikabidi pawekwe neno la kumfunga mwanadamu. Sharti halikuwa la nguva. Lilikuwa la mvuvi.

Hapo ndipo nilipoanza kuzisoma upya hadithi nyingine, nikitafuta sharti limemwelekea nani.

Diodorus wa Sicilia, aliyeandika katika karne ya kwanza kabla ya Kristo, anaeleza kuwa Derketo wa Syria, jina jingine la Atargatis, alizaa na kijana mmoja, akaona aibu, akamuua kijana, akamtupa mtoto na kujirusha ziwani karibu na Ascalon. Mwili ukageuka samaki, kichwa kikabaki cha mtu. Kwa hiyo watu wa Syria, anasema, hawali samaki. Mungu ametenda, mwiko wamebeba walaji.

Ufaransa, karibu mwaka 1393, Jean d'Arras aliandika habari za Mélusine, mke aliyejenga ngome ya Lusignan na kumtajirisha mumewe kwa sharti moja: Jumamosi usinitazame. Mume alichungulia akamwona kwenye beseni la kuogea, kiunoni kwenda chini ni nyoka. Alinyamaza muda, kisha siku ya hasira akamtolea maneno mbele za watu, na hapo ndipo alipompoteza. Kuchungulia peke yake hakukutosha kumfukuza. Tusi ndilo lililomfukuza.

Wakasa, Japani: msichana anakula nyama ya samaki mtu ambayo wageni wa karamu waliiogopa. Hazeeki. Anazika waume mmoja baada ya mwingine, anakuwa mtawa, anaishi miaka 800, na mwishowe anajifungia pangoni katika mji wa Obama bila kula mpaka anakufa. Katika visiwa vya Orkney na Shetland, kaskazini ya Uskoti, mwanamume anaiba ngozi ya sili, mnyama wa bahari za baridi, ambayo mwanamke wa baharini ameivua ufukweni, anamuoa, anazaa naye. Siku mke anapoiona ngozi yake darini, anaivaa na kuondoka bila kuaga.

## Abdallah wawili

Kwa msomaji wa pwani hadithi iliyo karibu zaidi imo katika Alfu Lela Ulela, na nashangaa inavyosahauliwa tunapozungumza samaki watu.

Abdallah wa bara ni mvuvi maskini mwenye watoto wengi. Anatupa wavu siku nyingi hapati kitu, na mwoka mikate jirani yake, naye Abdallah, anamkopesha mkate bila kumdai. Siku moja wavu unakuwa mzito. Ndani kuna mtu. Mvuvi anakimbia akidhani ni jini wa chupa za Nabii Suleiman. Yule mtu anamwita: rudi, mimi ni Mwislamu kama wewe, jina langu Abdallah, wa baharini.

Wanawekeana mkataba na kuusomea Fatiha. Wa bara alete kapu la matunda, zabibu na tini na makomamanga, kwa kuwa baharini hakuna. Wa baharini atalirudisha kapu hilohilo limejaa lulu, marijani na zumaridi. Mvuvi anatajirika, na hamsahau mwoka mikate.

Kisha wa baharini anamkaribisha kwao. Anampaka mwilini mafuta ya samaki aitwaye dandan, maji yasimdhuru. Huko chini wakazi wanamcheka: huyu hana mkia! Wanaletana watoto waje watazame. Ninaipenda sehemu hii kuliko zote, kwa sababu ni mahali pachache ambapo kituko cha kuonyeshwa ni sisi.

Wakati wa kuagana unafika. Wa baharini anampa amana: mfuko aupeleke Madina kwenye kaburi la Mtume. Njiani wanakuta karamu, watu wanaimba na kula. Harusi? Hapana, anajibu wa baharini, kuna aliyefariki. Na ninyi kwenu mtu akifa mnafanyaje? Abdallah wa bara anasema: tunalia, wanawake wanajipiga nyuso na kurarua nguo.

"Nirudishie amana yangu."

Hoja yake ni hii: roho ni amana ya Mwenyezi Mungu kwenu, naye akiichukua mnaona uchungu kuirudisha. Basi mimi nitakuaminije na amana ya Mtume? Anamrudisha ufukweni, na urafiki unakwisha. Mvuvi aliendelea kwenda pwani kumwita. Hakuitikiwa tena.

Sharti lililovunjika pale halikutajwa mwanzoni. Hakuna aliyemwambia Abdallah kuwa atapimwa kwa namna anavyoomboleza. Na kwa kweli naona alionewa: kulia si kukataa amri ya Mungu, na msikilizaji yeyote aliyewahi kuzika mtu wake anasimama upande wa mvuvi. Labda hadithi ilitaka hivyo. Inaweka viumbe wawili wa imani moja, jina moja, mkataba mmoja, halafu inaonyesha kuwa bado bahari na nchi kavu hazitaelewana.

## Mamba Muntu ukutani

Lubumbashi, mji wa Kiswahili usio na bahari, ndiko samaki mtu alikoingia sebuleni. Katika miaka ya 1960 na 1970 wachoraji wa mitaani waliuza kwa wingi picha za Mamba Muntu: mwanamke mweupe mwenye nywele ndefu, mkia wa samaki, ameketi ukingoni mwa maji. Mara nyingi ana saa mkononi na nyoka karibu yake.

Masimulizi yake yana hatua. Mwanamume anaokota kitu chake, kitana au unywele. Usiku Mamba Muntu anamjia ndotoni kudai. Wanapatana. Mwanamume anapata mali ya ghafla, kwa masharti: usiri, uaminifu kwake peke yake, na katika masimulizi mengi uhai wa ndugu. Akiropoka, mali inayeyuka au anakufa.

Sura yake ina ukoo na Mami Wata, pepo wa maji wa Afrika Magharibi, na sura mashuhuri kuliko zote za Mami Wata ina safari inayojulikana. Miaka ya 1880 kiwanda cha Adolph Friedländer, Hamburg, kilichapisha picha ya rangi ya mwanamke mchezesha nyoka. Kufikia 1901 ilikuwa imeshageuzwa kinyago kwenye delta ya Niger. Mwaka 1955 kampuni ya kalenda ya Bombay ilichapisha upya nakala 12,000 kwa wafanyabiashara wa Kumasi, Ghana. Tangazo la maonyesho ya Ulaya likawa sura ya mwenye maji, kwa sababu watu walikuwa tayari na masharti ya maji, wakimtafutia uso.

Hapa mwelekeo ni kinyume kabisa na wa simu za Magogoni. Kumasi ilipokea picha tupu ikaivika masharti. Sisi tulikuwa na masharti, tumebaki kupokeana picha.

Lakini uzi huu wa sharti una mahali unapokatika. Waimbaji wa baharini wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, wanaoitwa Sirens, waliomfanya baharia Odysseus afungwe kwenye mlingoti na kuwaziba mabaharia wake masikio kwa nta, hawana sharti lolote: wanaimba, unakufa. Tena kwa Wagiriki wa kale walikuwa na miili ya ndege, mkia wa samaki waliupata katika maandishi ya karne za kati. Na yule wa Warszawa analinda mji bila kudai. Kwa hiyo sisemi kila samaki mtu ni mkataba. Nasema wale waliokaa kwa watu wanaokula kutoka majini, mara nyingi wamekuwa hivyo.

Na mzee wa Magogoni, nadhani, alikuwa akiuliza swali la wavuvi.

## Nguva akinasa

Nguva wa kweli sasa ana masharti, na yameandikwa. Sheria za uvuvi za Tanzania zinamlinda: hairuhusiwi kumvua, kumuua wala kuuza nyama yake. Yafuatayo ni kwa atakayemkuta kwenye wavu, na ni vizuri yawafikie wenye majarife kati ya Kimbiji na Kilwa kabla video nyingine haijawafikia.

Akiwa hai, cha kwanza ni pumzi. Inueni wavu upande wa kichwa mpaka matundu ya pua, yaliyo juu ya mdomo kwa mbele, yatoke kwenye maji. Yanajifunga akizama na kujifungua akivuta hewa, kwa hiyo msiyazibe kwa mkono wala kitambaa. Mwacheni avute mara kadhaa kabla ya kuanza kukata.

Kateni wavu. Msijaribu kumnasua tundu kwa tundu ili kuokoa nyuzi, maana anapopigana anachoka haraka, na nguva anaweza kufa kwa mfadhaiko hata baada ya kuachiliwa. Anzeni na nyuzi za mapezi ya mbele, malizieni na mkia, mkikaa mbali nao, kwa kuwa pigo lake linavunja mkono. Msimfunge kamba mkiani na kumburuta: kichwa kinazama. Msimpakie chomboni, kwani uzito wake ukikosa maji unamkandamiza mapafu. Kazi yote ifanyike akiwa majini, kwa sauti ya chini, na injini imezimwa.

Kukiwa na mtoto pembeni, msimguse wala msimfukuze. Atamfuata mama.

Akiwa amekufa, msimchinje na msimzike kwanza. Toeni taarifa kwa BMU, kikundi cha usimamizi wa fukwe, ya kijiji au ofisi ya uvuvi ya wilaya, na kabla hajaanza kuoza pimeni urefu kutoka ncha ya pua hadi katikati ya mkia, mkiinyoosha kamba pembeni yake, si juu ya mgongo. Andikeni jike au dume, mahali, tarehe, kina cha maji, ukubwa wa matundu ya wavu na saa ulipotegwa. Pigeni picha ya ubavu mzima na ya mkia. Kwa wanyama waliobaki wachache hivi, karatasi moja yenye mambo hayo inawaonyesha watafiti malisho yaliyo hai yako wapi, na jarife lisitegwe wapi.

Video ya mzoga isiyo na tarehe wala mahali haiwasaidii kitu.